Risiva ya stereo nyumbani: jinsi ya kuiunga na kuitumia Thongpiny, Juba

Mwezi Januari 2025 ghasia zilizuka Juba baada ya kusambaa kwa picha za mauaji ya raia wa Sudan Kusini waliokuwa nchini Sudan. Serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku, na siku chache baadaye mamlaka ya mawasiliano ikaziagiza kampuni za intaneti kufunga Facebook na TikTok. Mitandao hiyo ilifunguliwa tena kabla ya mwezi kwisha. Katika siku za namna hiyo, anayetegemea simu peke yake kwa habari hubaki kubahatisha, ilhali mwenye redio inayoshika vizuri husikia kinachotangazwa bila kuvuka kizingiti cha mlango wake.

Mtaa wa Thongpiny, ambao wengine huuandika Tongping au Tomping, uko ubavuni mwa uwanja wa ndege wa kimataifa wa Juba. Mapigano yalipoanza Desemba 2013, maelfu ya watu walikimbilia kambi ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa, UNMISS, iliyopo hapo, na wengi wao wakaishi ndani ya uzio wake mwaka wa 2014. Leo ni mtaa wa ofisi, hoteli na nyumba za kupanga. Miongoni mwa wapangaji wake wamo Wakenya, Waganda na Wakongo ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya mezani, ingawa nje ya lango hutawala Kiarabu cha Juba, Kidinka, Kibari na Kiingereza. Makala haya yanawahusu wao, pamoja na yeyote anayetaka chombo kimoja cha sebuleni kiwe redio, kiwe sauti ya televisheni na kiwe njia ya kusikiliza idhaa za Kiswahili kwa uwazi.

Neno lenyewe kwanza

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, anayetaja risiva hueleweka kuwa anazungumzia kisanduku cha dishi la televisheni. Risiva ya stereo ni kitu kingine. Ni chombo kinachounganisha mitambo mitatu katika boksi moja: kitafuta stesheni za redio, swichi ya kuchagua sauti itoke wapi, na amplifaya ya kusukuma spika mbili zisizo na umeme wake zenyewe. Hapo ndipo inapotofautiana na sabufa zilizojaa madukani, ambazo amplifaya yake imefichwa ndani ya boksi la besi. Sabufa ni rahisi kubeba na bei yake ni nafuu. Hata hivyo, kwa maneno yanayosemwa, yaani taarifa ya habari, mahojiano au mahubiri, spika mbili nzuri zilizoungwa kwenye risiva ya wastani huishinda kwa mbali, kwa sababu sauti ya binadamu haikai kwenye besi.

Kabla ya kulipa

Risiva nyingi zinazopatikana kwa bei ya kuvumilika ni mitumba, na mitumba hutoka popote duniani. Mnunuzi aigeuze na asome maandishi ya mgongoni kabla ya kuangalia urembo wa mbele. Umeme wa Sudan Kusini ni volti 230 na hezi 50. Chombo kilichoandikwa volti 120 kimetengenezwa kwa soko la Marekani, na kilichoandikwa volti 100 ni cha Japani. Kikichomekwa ukutani moja kwa moja, huweza kuungua kwa muda mfupi kuliko ule wa kuwasha kiberiti. Baadhi ya risiva zina swichi ndogo ya kuchagua volti huko nyuma, na hizo hazina shida, mradi swichi ihamishwe kabla ya kuchomeka. Zisizo nayo huhitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye risiva, ikiwezekana mara mbili yake.

Jambo la pili halisemwi sana madukani, nalo huwaumiza wengi. Masafa ya FM hayafanani duniani. Nchini Japani yalianzia megahezi 76 na kuishia 90, kabla ya kusogezwa hadi 95 katika miaka ya karibuni. Mjini Juba, Radio Bakhita ya Kanisa Katoliki iko 91, Eye Radio iko 98.6, na Radio Miraya ya Umoja wa Mataifa iko 101. Risiva ya zamani ya soko la Japani inayoishia 90 haitafika hata kwenye ya kwanza kati ya hizo. Chombo kinaweza kuwa kizima kabisa, king'avu kama kipya, na bado kikawa bubu Juba.

Zile za Marekani zina kasoro ndogo zaidi. Nyingi zenye namba za kidijitali huruka hatua ya 0.2 na kutua kwenye desimali witiri pekee: 98.5, 98.7, 100.9, 101.1. Stesheni ya 98.6 huangukia katikati, nayo husikika kwa mkwaruzo hata ikiwa mnara wake uko karibu. Risiva ya mshale na gurudumu la kuzungusha haina tatizo hilo, na kwa sababu hiyo chombo cha mwaka 1980 wakati mwingine hufaa Juba kuliko cha mwaka 2000. Muuzaji muungwana hatakataa kuiwasha dukani na kuitafuta 98.6. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Umeme wa kuaminika na usioaminika

Umeme wa gridi ya Juba hutoka zaidi kwenye mitambo ya dizeli, na mtandao mpya wa usambazaji ulianza kuwafikia wateja mwaka 2019. Haujafuta jenereta wala paneli za sola, na nyumba nyingi za Thongpiny huhama kutoka chanzo kimoja hadi kingine mara kadhaa kwa siku. Ni wakati wa kuhama ndipo vyombo hufa. Umeme unaporudi, volti huweza kuruka juu kwa kitambo kabla ya kutulia. Jenereta inayokaribia kuishiwa mafuta hukohoa, na kila kikohozi ni volti inayopanda na kushuka.

Utaratibu wa busara hauna gharama. Umeme ukikatika, risiva izimwe kwa kitufe chake na plagi itolewe. Ukirudi, zisubiriwe dakika chache. Kwa jenereta, iwashwe kwanza, iachwe inguruma hadi itulie, ndipo risiva ichomekwe. Na risiva izimwe kabla ya jenereta kuzimwa. Stabilaiza husaidia pale volti inapopungua au kuzidi polepole, hasa ile inayochelewesha umeme kwa dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu upite. Mruko wa ghafla huhitaji kinga yake maalumu, na soketi ya kurefusha yenye taa nyekundu si lazima iwe na kinga hiyo ndani. Jenereta yenyewe ikae nje, mbali na madirisha na milango, hata mvua inyeshe: moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na umekwisha kuua familia zilizolala katika nchi nyingi.

Kwa mwenye betri na sola, hesabu ni ya kutia moyo. Risiva inayosikilizwa kwa sauti ya kawaida hula takriban wati 50, hata kama mgongoni imeandikwa 300, kwa kuwa namba hiyo ni ya juu kabisa. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na inashauriwa kutumia nusu yake tu ili isife mapema. Ukiondoa kinachopotea ndani ya inveta, hubaki karibu 500, nazo zinatosha saa 10 za redio. Inveta yenyewe iwe ya wimbi laini, maarufu kwa jina la pure sine. Zile za bei rahisi hutoa wimbi lililokatwa ngazi ngazi. Transfoma ya risiva hulalamika kwa mvumo, hupata joto, na mvumo huo huingia hadi kwenye spika.

Ipo pia hadithi ya plagi. Vyombo vinavyonunuliwa Kampala au Nairobi na kupita Nimule huja na pini tatu bapa za Kiingereza, wakati soketi nyingi za Juba ni za pini za mviringo. Adapta imara itanunuliwa kwa fedha kidogo. Kukata plagi na kusokomeza nyaya tupu kwenye soketi kwa kijiti cha kiberiti, desturi inayoonekana hata katika nyumba za watu wenye elimu, ni kukaribisha moto.

Spika

Kila spika ina namba ya omu, kipimo cha ukinzani wake: 4, 6 au 8. Risiva nayo huandika nyuma yake namba ndogo kabisa inayoweza kuihimili. Kanuni ni kwamba omu za spika zisiwe chini ya namba hiyo. Spika ya omu 8 kwenye risiva ya omu 6 haina neno, lakini spika ya omu 4 kwenye risiva ya omu 8 huifanya ivute umeme kupita kiasi hadi ipate joto na kujizima, au iungue. Tahadhari ni kwa anayetaka kuweka jozi ya pili barazani: spika mbili za omu 8 zilizofungwa pamoja kwenye tundu moja huhesabika kama omu 4.

Waya mmoja wa spika una njia mbili. Risiva ina tundu jekundu na jeusi kwa kila upande, na spika vilevile. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kulia na kushoto. Ganda la waya limenywe kiasi cha sentimita moja, nyuzi zisokotwe ziwe kitu kimoja, na usibaki hata uzi mmoja unaogusa tundu la jirani. Kazi hii ifanyike plagi ikiwa imetolewa ukutani. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kabisa kwa sebule ya kawaida. Maneno ya wauzaji kuhusu nyaya za bei ya ajabu yanaweza kupuuzwa. La kuangalia ni kama ni shaba. Soko limejaa alumini iliyopakwa shaba juu, ambayo hupitisha umeme kwa udhaifu zaidi na hukatika ikikunjwa mara kwa mara. Ukwaruzwe kwa kisu: ukionekana mweupe ndani, si shaba.

Njia zikigeuzwa kwenye spika moja, hakuna kitakachoungua, ila besi itatoweka na sauti ya mtangazaji itaonekana kuelea pasipojulikana. Kipimo chake ni taarifa ya habari. Msikilizaji akae katikati, mbele ya spika mbili: sauti ya msomaji inapaswa kutokea katikati kabisa, mahali pasipo na spika yoyote. Ikiwa haitokei hapo, nyaya za spika moja zibadilishwe nafasi, kisha asikilize tena.

Kuhusu mahali pa kuziweka, umbali kati ya spika na spika ukaribiane na umbali kati ya kila spika na msikilizaji, zikiwa kwenye usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Kuzibana kwenye pembe za chumba huvimbisha besi na kuyameza maneno. Nyumba nyingi za Thongpiny zina sakafu ya vigae, kuta tupu na bati juu, na chumba cha namna hiyo hurudisha mwangwi kama pipa. Zulia, mapazia mazito na makochi ya kitambaa hubadilisha sauti kuliko kitufe chochote cha risiva.

Antena, na taa ya stereo

Wengi huishia kulaumu redio kumbe waya wa antena umeachwa umejikunja ndani ya boksi. Nyuma ya risiva kuna tundu la FM, na antena rahisi ni waya wenye umbo la herufi T. Anayetaka kuutengeneza mwenyewe apime hivi: wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, nusu yake ni mita 1.5, hivyo kila mkono wa T uwe na sentimita 75. Mikono inyooshwe ukutani kwa ulalo, upana wake ukielekea upande wa mnara wa stesheni, na juu kadiri inavyowezekana. Paa la bati huzuia mawimbi; karibu na dirisha ni afadhali. Mvua za Juba, zinazonyesha zaidi kati ya Aprili na Oktoba, huja na radi, na antena iliyowekwa nje ni njia ya radi kuingia sebuleni. Mawingu yakianza kutanda, plagi na waya wa antena vitolewe vyote viwili. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Risiva inapopokea stesheni ya stereo huwasha taa ndogo. Taa hiyo hujibu mlio wa kilohezi 19 uliofichwa ndani ya matangazo, ambao sikio halipelekewi, na unaoiambia risiva itenganishe kulia na kushoto. Utenganishaji huo una gharama: stereo huhitaji mawimbi yenye nguvu nyingi zaidi kuliko mono ili isikike bila mchakacho. Hivyo stesheni ikichakaa, kitufe cha mono kibonyezwe, na mchakacho hupungua papo hapo. Kwa habari hakuna kinachopotea, maana msomaji ana kinywa kimoja.

Kiswahili kutoka mbali

Stesheni za FM za Juba huzungumza zaidi Kiingereza, Kiarabu cha Juba na lugha nyingine za nchi. Kwa Kiswahili, msikilizaji hutazama mbali zaidi: idhaa za kimataifa, kama ile ya BBC iliyoanza mwaka 1957 na ya Ujerumani, DW, iliyoanza mwaka 1963, au stesheni za nyumbani kupitia intaneti na dishi. Risiva za sebuleni karibu zote hazina masafa mafupi. Jawabu ni kuutumia mlango wa AUX. Waya wenye kichwa kimoja cha tundu la sikioni, na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili, huunganisha simu, kompyuta au hata redio ndogo ya masafa mafupi. Sauti ya redio hiyo ndogo iwekwe kiasi cha nusu, na iliyobaki iongezwe kwenye risiva. Kisanduku cha dishi nacho huwa na matundu mekundu na meupe nyuma, na kupitia hayo stesheni za redio zilizomo kwenye dishi hutoka kwa spika za risiva hata televisheni ikiwa imezimwa.

Milango ya AUX, CD na TAPE inafanana, na chochote kinaweza kuchomekwa popote kati ya hiyo. Mlango wa PHONO ndio wa kuepukwa, kwa sababu umetengewa sahani za santuri na hukuza sauti mara nyingi zaidi; simu ikiunganishwa hapo hutoa makelele yaliyopasuka, na wengi hudhani risiva ni mbovu. Kama baada ya kuunganisha dishi unasikika mvumo usiokoma, chanzo huwa ni njia mbili za ardhi zinazogombana. Waya wa dishi ukitolewa kwa muda na mvumo ukakoma, mtuhumiwa amepatikana. Fundi atengeneze ardhi ya nyumba. Pini ya ardhi ya plagi isikatwe.

Saa nazo zinahitaji kukumbukwa. Tangu Februari 1, 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Matangazo yanayotajwa kuanza saa tatu na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki huingia Juba saa mbili na nusu. Wageni kutoka Nairobi na Kampala huendelea kukosa dakika sitini za kwanza kwa wiki nzima kabla ya kuzoea.

Joto, vumbi na vitambaa

Risiva hutoa joto kupitia matundu ya juu. Katika mji ambao joto la Februari na Machi hupita nyuzi 38, inahitaji angalau sentimita 10 za hewa juu yake. Kile kitambaa cha kufuma ambacho kila mama wa nyumba wa Afrika Mashariki hutandika juu ya redio, pamoja na chombo cha maua, ni mapambo mazuri mahali pengine. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, chombo kikiwa hakina umeme.

Sauti isizidishwe bila sababu. Spika ya kawaida hutoa kelele ya kutosha sebuleni kwa wati moja tu, na ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, nguvu inayotakiwa ni takriban mara kumi. Ndiyo maana kitufe kikizungushwa hadi mwisho, wakati wa kushindana na jenereta ya jirani au ndege inayopaa, amplifaya huishiwa na kukata kilele cha wimbi. Sauti hupasuka, na spika ndogo ya juu huungua ndani ya muda mfupi. Kupasuka kwa sauti ni ishara ya kupunguza mara moja.

Risiva ikizimika ghafla, nyaya za spika ndizo za kukaguliwa kwanza, kwa sababu nyuzi mbili zilizogusana hutosha kuifanya ijikinge. Kisha fyuzi. Inayowekwa iwe na ampea zilezile zilizoandikwa, wala si karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Ikikatika tena papo hapo, kasoro iko ndani, na kifuniko kisifunguliwe na asiye fundi: kapasita kubwa zilizomo hubaki na umeme hata baada ya plagi kutolewa.